Kichuguu cha Mama Mkwe

Mtu akimsifia Amoni Siwale nyumba yake, Amoni hutazama miguu yake. Wageni hudhani ni unyenyekevu. Nyumba ni ya vyumba vitatu, ya matofali ya kuchoma, na haina ufa hata mmoja, ingawa mvua za bonde la Momba zimeipiga miaka kumi na tisa mfululizo. Mafundi wanaopita kwenda Msangano husimama, wakagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, wakausikiliza. Kisha huuliza udongo huo ulitoka wapi. Amoni hujibu kwa sauti ndogo kwamba ni udongo wa mama mkwe, halafu huingia ndani kana kwamba kuna mtu amemwita.

Tangu utoto alikuwa mtu wa kujificha. Shuleni alifika darasa la saba bila kunyoosha mkono hata siku moja, na mwalimu alipomsimamisha asome mbele ya wenzake, jasho lilimtiririka mpaka kitabu kikalowa. Akapenda kazi isiyohitaji maneno. Akachagua kufyatua matofali. Unachimba udongo, unamwaga maji, unakanyaga tope, unajaza kibao, unapindua, na hakuna anayekuuliza kitu mpaka jua linazama. Hata kumposa Tusekile alikwenda mjomba wake kumsemea. Tusekile alikuwa akimtania kwamba siku ya ndoa ilibidi akanyagwe mguu ndipo aseme ndiyo.

Mama yake Tusekile, Ketrina, alikuwa mjane aliyeishi peke yake mwisho wa kijiji, pale mashamba yanapoishia na msitu unapoanza. Kwa desturi yao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini na kumpa mwenzake mgongo mpaka apite. Kukiwa na jambo la kuambiana, hupitia kwa Tusekile, na asipokuwepo mtu, maneno huelekezwa kwa kitu chochote kilicho karibu. Mwaka wa kwanza wa ndoa, ndama wa Amoni alikata kamba akaingia kwenye mihogo ya jirani. Tusekile alikuwa kisimani. Ketrina alikuja mpaka nyuma ya nyumba, akauambia mchi uliokuwa umeegemezwa ukutani, "Wewe mchi, nasikia ndama wa watu anakula mihogo ya watu." Amoni, aliyekuwa ndani, akauambia mlango kwamba mama amefanya vema. Watu walicheka wiki nzima. Lakini Amoni aliipenda desturi ile kuliko wengi. Ilimfaa mtu kama yeye.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichopita baina yao bila mchi na bila mlango. Ni uyoga.

Mvua za kwanza zikinyesha, kwenye vichuguu vya mchwa hutoka uyoga mkubwa kuliko wote, kofia yake pana kama ungo, mweupe, na katikati una kinundu cha rangi ya kahawia. Shina lake ni nene kama mkono, na mzizi wake unashuka chini kabisa hadi kwenye masega ya mchwa wenyewe. Hautoki kila kichuguu. Mwanamke mwenye kichuguu kinachotoa hakionyeshi kwa mtu. Hukipata kwa mama yake, naye humwonyesha binti yake anapoona nguvu zinamwishia, si kabla. Ketrina alikuwa nacho kimoja. Kijiji kizima kilijua uyoga wa Ketrina. Malori ya Tunduma yalisimama kwa ajili yake, na wanawake wa ng'ambo, wa Zambia, waliuulizia kwa jina lake sokoni. Mahali penyewe hakupajua mtu. Alitoka alfajiri, kila mara kwa njia tofauti, na alirudi na mzigo umefunikwa majani. Hata Tusekile alikuwa hajaonyeshwa.

Uyoga wa kwanza wa kila mwaka haukuuzwa. Ketrina aliupeleka kwa binti yake, na kofia iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ya mkwe. Tusekile aliupika kwa karanga zilizotwangwa. Amoni alikula akiwa ameelekeza uso upande wa nyumba ya mama mkwe, kwa sababu ndiyo shukrani pekee aliyoweza kuitoa.

Basi ukafika mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Siku hizo mabati yalikuwa yameanza kupatikana Tunduma bila mtu kuomba kibali, na kila aliyevuna ulezi au mahindi mazuri aliondoa nyasi juu ya nyumba yake. Jirani yake Mbonile aliezeka. Amoni, fundi wa matofali, aliyejenga nusu ya nyumba za kijiji, alikuwa bado analala kwenye nyumba ya fito. Mbonile hakuacha kumchokoza. Alimwambia mbele za watu, "Amoni, kwako mgeni akipiga chafya, nyumba itabaki?" Watu walicheka, na Amoni akacheka nao, lakini usiku ule hakula.

Mwezi wa nane akatafuta udongo. Fundi yeyote wa huko anajua kwamba hakuna udongo ushindao wa kichuguu. Mchwa wameusaga na kuuchanganya mate mpaka umekuwa laini kama unga; tofali lake halipasuki tanurini. Kando ya kijito, nyuma ya shamba alilopewa na ukoo wa mkewe, palikuwa na kichuguu kikubwa cha urefu wa watu wawili, kimezungukwa na miti. Aliomba ruhusa kwa wajomba wa Tusekile. Walimwambia achimbe tu, kichuguu hakina mwenyewe.

Alichimba siku tatu. Siku ya nne, nusu ya kichuguu ikiwa imekwisha, jembe liligonga jiwe bapa chini upande wa magharibi. Akaliinua. Nyuma yake palikuwa na kishimo, na ndani yake bakuli la bati lenye maua ya bluu, rangi imebanduka ukingoni. Lilikuwa limefunikwa kwa kipande cha kitenge cha kijani. Ndani ya bakuli mlikuwa na kisu kidogo cha mwanzi, kile wanachokatia uyoga wanawake wasiotaka chuma kiguse mzizi.

Kitenge alikijua. Alikinunua yeye mwenyewe Tunduma, mwaka wa mahari, kiwe kitenge cha mama.

Amoni alisimama pale na jembe mkononi kwa muda mrefu. Alitazama nusu iliyobaki. Kama angeacha hapo hapo, huenda mchwa wangejenga tena, kwa kuwa kiini kilikuwa bado hakijaguswa. Lakini tope lilikuwa limekwisha kukanyagwa, matofali elfu na zaidi yalikuwa yanakauka juani, na hayakutosha. Vichuguu vingine vilikuwa mbali na maji. Akajiambia mchwa ni wengi. Akajiambia pengine bakuli limesahaulika tu na mahali penyewe ni kwingine. Akajiambia mengi. Kisha akalifuta bakuli vumbi, akalifunika tena kwa kitenge vilevile lilivyokuwa limefunikwa, akalipeleka chini ya mti hatua ishirini kutoka pale, akaliwekea jiwe lake juu. Akarudi kuchimba.

Siku mbili baadaye alifika kwenye masega. Yalikuwa meupe, yenye matundu, na yalinukia kama uyoga mbichi. Kuku wa jirani walikuja wakala mchwa mpaka wakashindwa kutembea. Amoni hakumwambia mtu. Tanuri lake liliwaka vizuri kuliko yote aliyowahi kuwasha, na kabla ya mwezi wa kumi na moja kuisha nyumba ilikuwa imesimama, mabati juu, hata Mbonile akaja kuitazama bila kusema lolote.

Mvua zikanyesha. Wiki ikapita, na ya pili. Jioni moja Tusekile alirudi kutoka kwa mama yake mikono mitupu. Akakaa, akafungua kanga, akaifunga tena.

"Mama anakuomba radhi," alisema. "Anasema mkwe wake amsamehe, mwaka huu hana cha kumletea. Mahali pake pameharibika."

Amoni aliuliza pameharibiwa na nini. Tusekile alisema mama hakueleza zaidi, na yeye hakuuliza, kwa sababu mahali pale haparuhusiwi kuulizwa. Amoni akatoka nje. Aliushika ukuta wa nyumba yake mpya, akauondoa mkono upesi kana kwamba unaunguza. Mtu aliyeharibiwa alikuwa anamwomba radhi aliyemharibia, na yeye aliipokea, akanyamaza, akalala ndani ya radhi ile.

Alijua kwamba Ketrina ameliona shimo. Hakuna mtu asiyejua matofali ya Amoni yalitoka wapi. Alichojifariji nacho ni kwamba mama atadhani alichimba kwa kutojua, na kutojua si kosa. Kijiji kilijua shimo lakini hakikujua kwamba hapo ndipo mahali pa uyoga. Ketrina peke yake ndiye aliyejua yote mawili. Ketrina na yeye.

Lakini neno "pameharibika" halikukaa kimya. Lilitoka kwa mwanamke mmoja likaingia kwa mwingine, na kila lilipopita liliongezwa kidogo. Nani anaharibu vitu msituni? Ng'ombe. Ng'ombe ni wa nani? Ni wa Masumbuko, Msukuma aliyehamia miaka mitatu nyuma na mkewe Mbuke na mifugo yake, akapewa eneo ng'ambo ya kijito. Mtu mmoja alikuwa amewaona ng'ombe wake wakishuka kunywa maji mwezi wa tisa. Ikatosha. Vichuguu vimekanyagwa, watu walisema, uyoga hautatoka tena nchi hii, na huyo mtu si wa hapa.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Efraimu, akaitisha kikao nje ya ghala la ushirika, lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori yao. Amoni alikaa mwisho kabisa, kwenye gogo. Masumbuko alichelewa kidogo, akatafuta pa kukaa, na Amoni akasogea kumpa nafasi kando yake. Masumbuko akamshukuru.

Alijitetea kwa upole. Alisema ng'ombe wake wana mchungaji na hawajawahi kuvuka upande ule zaidi ya mahali pa maji. Aliomba aonyeshwe kilichokanyagwa. Hapo kikao kikakwama, maana hakuna aliyejua pa kumwonyesha. Wakamtazama Ketrina, aliyekaa na wanawake wenzake. Ketrina alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kijiti. Alisema hawezi kutaja mahali, na kwamba yeye hakumshtaki mtu. Watu wakaona ni mjane mwenye woga, wakazidi kukasirika kwa niaba yake. Ikaamuliwa Masumbuko aondoke na mifugo yake ndani ya siku saba.

Maneno yalimfika Amoni kooni. Alihesabu vichwa vilivyokuwa mbele yake. Vilikuwa vingi. Jasho likamtoka kama siku ile ya kitabu. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno la mwisho, na Amoni akatazama miguu yake.

Alivumilia siku nne. Siku ya tano asubuhi alimwona Mbuke kijitoni, ana mtoto mchanga mgongoni, anaosha vyungu na kuvipanga kwenye tenga kwa ajili ya safari. Mbuke akamwamkia. Amoni alishindwa kuitikia. Aligeuka pale pale, hakwenda kazini, akapita katikati ya mashamba mpaka nyumbani kwa Ketrina.

Hakuwa amewahi kuingia kwenye ua ule bila Tusekile. Ketrina alikuwa ameketi mbele ya jiko, anachambua maharage. Alipomwona, aligeuza mgongo. Amoni naye akazunguka nyuma ya kihenge cha ulezi, akasimama hapo asipoonekana. Kuku walikuwa wanapekua. Kwa muda ilisikika sauti ya maharage tu, yakidondoka ungoni.

"Kihenge," alisema Amoni, "nina neno. Mfikishie mama."

Maharage yakaendelea kudondoka.

"Mwambie nilipokuwa nachimba udongo, nilikuta bakuli. Mwambie kile kitenge nilikijua. Nilijua ni mahali pake, na nusu ilikuwa bado imebaki. Nikalifunika, nikaendelea kuchimba."

Maharage yakanyamaza.

"Wewe kuku," alisema Ketrina taratibu, "mwambie baba kwamba mama alijua tangu siku alipoliona lile bakuli chini ya mti. Ng'ombe hafuniki bakuli."

Amoni alishika fito kwa mikono miwili. Alikiambia kihenge kimuulize mama, kama alijua, mbona alinyamaza, na mbona alimwomba radhi.

"Kuku, angefanyaje?" alisema Ketrina. "Asimame mbele ya watu amvue nguo mkwe wake? Hata wewe ungemcheka. Mama aliona bora akose uyoga kuliko kukosa uso wa kumtazama binti yake. Akasema neno moja tu, pameharibika, akidhani litaishia hapo. Watu wakalibeba. Na yeye ana aibu yake, mwambie. Kila siku anapita mbali na mji wa yule Msukuma."

Amoni alianza kusema kwamba atamjengea mama nyumba, kwamba atampa hayo matofali, kwamba atavunja hata ukuta. Alisema haraka haraka, kama mtu anayetupa vitu nje ya nyumba inayoungua. Ketrina alimwacha amalize.

"Mwambie kihenge kimesikia," alisema. "Na kuku amesikia. Masumbuko hajasikia."

Akarudi kwenye maharage yake.

Amoni alimkuta Masumbuko anang'oa miiba ya zizi. Tofauti na mama mkwe, huyu ilibidi atazamwe. Amoni alijaribu, macho yakamshinda, akasema yote akiwa ameikazia macho ile miiba. Masumbuko hakumkatiza. Alipomaliza, Masumbuko aliweka panga chini na kujifuta mikono.

"Siku ile ya kikao ulikuwepo," alisema.

"Nilikuwepo."

"Najua. Ndiwe uliyenipa nafasi kwenye gogo." Akamtazama kwa muda. "Nikamwambia mke wangu, angalau mmoja ana utu."

Amoni angependa kupigwa kuliko hayo. Masumbuko hakumpiga. Alisema tu kwamba maneno yaliyosemwa mbele ya watu hayafutwi zizini, akaokota panga lake.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Mzee Efraimu aliwakusanya tena nje ya ghala. Amoni alisimama. Alisema sentensi tatu: kwamba mahali pa uyoga palikuwa ni kile kichuguu alichokichimba, kwamba alijua kabla hajakimaliza, na kwamba alikaa kwenye gogo lile akamwacha mtu ahukumiwe. Kisha hakujua la kufanya na mikono yake.

Ndipo Mbonile akasema, "Kumbe nyumba yenyewe imejengwa kwa mboga." Watu wakacheka, wengine mpaka wakajishika mbavu. Mzee Efraimu hakucheka. Aliifuta amri mbele ya wote na kumwomba Masumbuko radhi kwa niaba ya kitongoji. Wanawake hawakucheka pia. Walikuwa wanamtazama Amoni, na yeye akaona kwamba kila mmoja alikuwa anakifikiria kichuguu chake mwenyewe.

Masumbuko alibaki mpaka mavuno, kwa sababu Mbuke alikataa kuacha mbegu alizokwisha kuzifukia. Baada ya kuvuna walihamia upande wa Kamsamba kwa hiari yao. Masumbuko alisema hana kinyongo na mtu, ila mahali walipomdhania vibaya upesi hivyo hapati usingizi mzuri. Siku ya kuondoka Amoni alikwenda kuwasaidia kufunga mizigo. Mbuke alimpa Tusekile kibuyu cha maziwa mgando. Amoni alipewa mkono, basi.

Ketrina hakujengewa nyumba. Amoni alimpelekea ujumbe mara tatu kupitia kwa Tusekile, na mara tatu mama akajibu kwamba ya kwake inamtosha. Shimo lilijaa maji kila masika, vyura wakakaa humo. Uyoga haukutoka. Miaka ilipita, malori ya Tunduma yakaacha kumwulizia. Jambo moja tu Amoni aliliona, na hakumweleza mtu. Mvua za kwanza zikinyesha, Ketrina alipita nyuma ya nyumba yao akitoka msituni, na alipofika pembeni aliweka kiganja chake ukutani, kidogo tu, kama mtu anayempapasa mtoto kuona kama ana homa. Halafu akaenda zake.

Mwaka wa sita, asubuhi baada ya mvua, Tusekile alikuta kitu pale pembeni ya nyumba. Lilikuwa bakuli la bati lenye maua ya bluu, limefunikwa kwa kitenge cha kijani kilichochakaa. Ndani mlikuwa na vichwa viwili vya uyoga, vidogo, vya aina nyingine, ule wa njano unaoota chini ya miti na ambao kila mtu huchuma. Tusekile aliupika kwa karanga. Akamwekea mumewe mezani, akatoka.

Amoni alikula peke yake, ameelekeza uso upande ule wa zamani. Mara mbili aliweka kijiko chini. Lakini alimaliza, kwa maana kwao kurudisha bakuli lenye kitu ndani ni kumkataa aliyelileta. Kisha akaliosha mwenyewe, akalifuta, akalifunika kwa kitenge. Mikono yake ilikumbuka jinsi ya kukikunja, vilevile kama siku ile kwenye kichuguu, na alikaa nalo mapajani kwa muda kabla ya kumwita Tusekile alirudishe.